Kuendesha skripti ya klasi kama demoni kwenye Linux: nini kinakufa, nini kinabaki

Chukua skripti ya Python yenye klasi moja, Mtumaji. Kazi yake ni kusoma foleni ya ujumbe kwenye hifadhidata ya MySQL na kuwatumia wazazi SMS za kuwakumbusha ada. Ukiiendesha kwenye seva kupitia SSH (njia ya kuingia seva ukiwa mbali), mambo yanakwenda vizuri. Ukifunga laptop na kwenda nyumbani, SMS zinakoma. Kesho yake unaingia tena, mchakato haupo, na hakuna kosa lililoandikwa popote.

Msimbo hauna kosa. Mchakato umeuawa. Kila kinachoanzishwa kwenye terminali huwa chini ya kikao cha terminali hiyo. SSH inapokatika, kerneli, kiini cha Linux, humpa bash (programu inayopokea amri zako) ishara ya SIGHUP, naye bash huipitisha kwa kazi alizozianzisha. Programu isiyojiandaa kwa ishara hiyo hufa papo hapo. Alama ya & mwishoni mwa amri haiokoi; inakurudishia tu nafasi ya kuandika amri nyingine. Amri ya nohup inasaidia, kwa kuwa inaufanya mchakato uipuuze SIGHUP na matokeo yaandikwe kwenye faili la nohup.out. Kwa kazi ya saa mbili nohup inatosha kabisa. Kwa kazi ya miezi haifai: seva ikizimika na kuwaka, hakuna wa kuianzisha upya, na ikianguka saa nane usiku hakuna wa kuiinua.

Programu inayokaa nyuma ya pazia bila terminali, ikisubiri kazi na kuifanya, ndiyo inayoitwa demoni. Jina halihusiani na mapepo ya mganga. Lilianza kutumika MIT miaka ya 1960, kwenye mradi wa Project MAC, likichotwa kwenye fizikia: James Clerk Maxwell alikuwa amebuni mfano wa kiumbe mdogo anayekaa kwenye kilango, akitenganisha molekuli za kasi na za polepole bila kuchoka. Demoni ya kompyuta nayo hukaa mlangoni hivyo hivyo.

Njia ya zamani, na kwa nini bado inafaa kuijua

Kabla systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux, haijaenea (Ubuntu iliipokea kwenye toleo la 15.04 na Debian kwenye toleo la 8, yote mwaka 2015), programu ilitakiwa ijitenge yenyewe na terminali. Mafunzo mengi mtandaoni bado yanafundisha njia hiyo, na ukiinakili bila kuielewa utaiharibu.

Mchakato unaita fork, unazaa mtoto aliye nakala yake, na mzazi anaondoka. Mtoto anaita setsid ili aanzishe kikao chake kisicho na terminali. Ndiyo maana fork ilitangulia: setsid hukataa kufanya kazi kwa mchakato ambao tayari ni kiongozi wa kundi, na mchakato ulioanzishwa na bash kwa kawaida ndiye kiongozi. Kisha inakuja fork ya pili. Kiongozi wa kikao anaweza kujikuta ameshikamana tena na terminali akiifungua kwa bahati mbaya. Mjukuu si kiongozi, kwa hiyo hatari hiyo inakwisha. Baada ya hapo anahamia folda ya / ili asizuie diski kuchomolewa, na anaelekeza namba za faili 0, 1 na 2 (za kupokea maneno, kutoa matokeo na kutoa makosa) kwenye /dev/null, faili linalomeza kila kinachoandikwa humo.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayokosewa zaidi. Mtu anazifunga namba tatu hizo na kuishia hapo. Linux hulipatia faili jipya namba ndogo kuliko zote iliyo wazi, kwa hiyo muunganisho wa MySQL utakaofunguliwa baadaye unaweza kupewa namba 1, na namba 1 ndiko print inakoandika. print moja uliyoisahau ndani ya methodi itamwaga maneno yako katikati ya mazungumzo na MySQL, na MySQL ikipokea takataka itakata muunganisho. Utatafuta kosa kwenye mtandao siku nzima, kumbe liko kwenye mstari wa print. Kufunga hakutoshi, lazima nafasi ijazwe na /dev/null.

Obijekti inazaliwa kabla ya mchakato au baada yake?

Hapa ndipo klasi inapoleta matatizo ambayo skripti ya kawaida ya mistari ishirini haina. Tumefundishwa kwamba __init__ iandae obijekti ikamilike: ifungue hifadhidata, ifungue faili la logi, ianzishe nyuzi (threads). Kwa programu inayoanza na kumaliza, ni sawa. Kwa demoni, ni kosa.

fork hunakili memori, lakini soketi, yaani ncha ya muunganisho wa mtandao, haipati nakala yake. Mzazi na mtoto wanashika ileile. Ukiunda Mtumaji kabla ya fork, wote wawili wana obijekti yenye muunganisho mmoja wa MySQL. Mzazi anaondoka kwa sys.exit, Python inasafisha, na ikiwa maktaba unayotumia hufunga muunganisho obijekti inapofutwa, mzazi anaiaga MySQL kwa niaba ya wote wawili. Mtoto anaanza kazi akiwa ameshika waya uliokatwa. Faili la muda au faili la PID (linalotunza namba ya mchakato) ambalo __del__ au atexit imeagizwa kulifuta, nalo linafutwa na mzazi wakati mtoto bado analihitaji. Kwa sababu hiyo mzazi anapaswa kuondoka kwa os._exit(0), inayotoka bila kusafisha chochote.

Nyuzi ni hatari zaidi. fork humpa mtoto uzi mmoja tu, ule ulioiita. Nyingine zinatoweka, lakini kufuli zilizokuwa zimeshika zinabaki zimefungwa, na mwenye ufunguo hayupo tena. Mtoto akizihitaji atasubiri milele. Tangu toleo la 3.12, Python hutoa onyo ukiita os.fork wakati mchakato una nyuzi zaidi ya moja, na onyo hilo lichukulie kwa uzito.

Kanuni inayofuata ni rahisi: __init__ ipokee mipangilio tu. Rasilimali zifunguliwe ndani ya methodi ya kuendesha, ndani ya mchakato utakaozitumia mpaka mwisho.

```python
import signal, time
import mysql.connector

class Mtumaji:
    def __init__(self, mipangilio):
        self.mipangilio = mipangilio
        self.simama = False
        self.db = None

    def pokea_ishara(self, namba, fremu):
        self.simama = True

    def endesha(self):
        signal.signal(signal.SIGTERM, self.pokea_ishara)
        signal.signal(signal.SIGINT, self.pokea_ishara)
        self.db = mysql.connector.connect(**self.mipangilio)
        try:
            while not self.simama:
                self.zamu_moja()
                self.pumzika(10)
        finally:
            self.db.close()

    def pumzika(self, sekunde):
        for _ in range(sekunde):
            if self.simama:
                return
            time.sleep(1)
```

Methodi ya zamu_moja, isiyoonyeshwa hapa, ndiyo inayosoma foleni na kutuma SMS. Methodi ya pokea_ishara, inayoitwa ishara ya kusimama (SIGTERM au SIGINT) inapokuja, inageuza bendera moja tu, na iachwe hivyo. Ishara inaweza kuingia katikati ya mstari wowote, hata wakati obijekti iko nusu ya kubadilishwa. Ukianza kufunga hifadhidata humo ndani, unaweza kuifunga katikati ya kuandika.

Pumzika nayo ina sababu yake. Tangu Python 3.5, time.sleep ikikatizwa na ishara huendelea kulala mpaka muda wake uishe, iwapo methodi ya ishara haikurusha kosa. Ukiandika time.sleep(300), bendera itageuzwa mara moja lakini hakuna atakayeitazama kwa dakika tano. systemd husubiri sekunde 90 tu, kisha hutuma SIGKILL, na hiyo haizuiliki. Kulala sekunde mojamoja kunaifanya demoni isimame kwa heshima ndani ya sekunde moja.

Mwachie systemd kazi ya kujitenga

Kwenye seva za leo, fork zote mbili ziache. Programu yako ibaki mbele kama kawaida, na systemd ataiendesha bila terminali, ataiinua ikianguka na kuiwasha seva inapowaka. Kwanza fungua mtumiaji asiye na uwezo wa kuingia:

```
sudo useradd --system --no-create-home --shell /usr/sbin/nologin mtumaji
```

Kisha andika faili la /etc/systemd/system/mtumaji.service:

```
[Unit]
Description=Mtumaji wa SMS
Wants=network-online.target
After=network-online.target
StartLimitIntervalSec=300
StartLimitBurst=10

[Service]
Type=simple
User=mtumaji
WorkingDirectory=/opt/mtumaji
EnvironmentFile=/etc/mtumaji.env
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
ExecStart=/opt/mtumaji/venv/bin/python /opt/mtumaji/endesha.py
Restart=on-failure
RestartSec=5
MemoryMax=200M

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Nenosiri la hifadhidata linakaa kwenye /etc/mtumaji.env, faili la root lenye ruhusa 600. Systemd hulisoma kabla ya kushuka kuwa mtumiaji mtumaji, kwa hiyo huhitaji kumfungulia mtu mwingine. Endesha systemctl daemon-reload kila unapolibadilisha faili la huduma, kisha systemctl enable --now mtumaji. Logi utazifuatilia kwa journalctl -u mtumaji -f.

Mistari kadhaa hapo inastahili kuelezwa. PYTHONUNBUFFERED iko kwa sababu Python, ikiona haiandikii terminali, hukusanya maneno ya print mpaka yajae ghala la takriban KB 8 ndipo iyatoe. Bila mstari huo unaweza kukaa saa nzima ukitazama journalctl tupu na kudhani demoni imelala.

ExecStart inataja Python ya ndani ya venv (folda yenye Python na maktaba za mradi huu pekee) kwa njia kamili kwa sababu systemd hasomi .bashrc yako wala hajui uliwahi kuandika activate. Ukiweka /usr/bin/python3, utapata ModuleNotFoundError kwa maktaba ambayo una uhakika umeisakinisha, na ni kweli umeisakinisha, ila kwingine.

Type ndiyo inayowachanganya wengi. Ukiweka simple huku skripti bado inafanya fork ya zamani, mzazi anaondoka, systemd anaona mchakato mkuu umekwisha, na anaua kila kilichobaki kwenye kundi la huduma hiyo, mjukuu akiwemo. Ukiweka forking kwa skripti isiyofanya fork, systemctl start inaning'inia sekunde 90 ikisubiri mzazi aondoke, kisha inatangaza kushindwa, ingawa programu ilikuwa ikifanya kazi muda wote huo.

Huduma ikikataa kuanza, tazama namba kwenye systemctl status. 203/EXEC maana yake njia ya ExecStart ni mbaya au faili halina ruhusa ya kuendeshwa. 200/CHDIR, folda ya WorkingDirectory haipo au haifikiki. 217/USER, mtumiaji hayupo. Namba hizi tatu zinatoka kabla mstari hata mmoja wa Python yako haujasomwa, kwa hiyo usipoteze muda kuhariri klasi.

Kuhusu StartLimit: kwa kawaida systemd hukata tamaa huduma ikianzishwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10, na husubiri milisekunde 100 tu kati ya majaribio. MySQL ikichelewa kuwaka baada ya umeme kurudi, demoni inaweza kumaliza majaribio yote ndani ya sekunde chache na kubaki imekufa mpaka uandike systemctl reset-failed na kuianzisha mwenyewe. Ukiongeza RestartSec=5 pekee, unaangukia upande wa pili: ndani ya sekunde 10 haiwezi kufika mara 5, kwa hiyo itaanguka na kuinuka milele bila wewe kujua. Ndiyo maana vipimo hivyo vimewekwa pamoja.

Restart=on-failure nayo haiinui programu iliyotoka kwa namba 0. Ukizungushia endesha yote try inayomeza kila kosa, Python itatoka kwa amani, na systemd ataamini kazi imekwisha. Kosa la ujumbe mmoja likamatwe ndani ya zamu_moja, liandikwe kwenye logi, foleni iendelee. Kosa usilolitarajia liache liiangushe demoni. Kuanza upya na obijekti safi ni salama kuliko kuendelea na obijekti usiyojua hali yake. Na unapokamata, andika except Exception. Except tupu hukamata hata SystemExit.

Foleni inayoonekana tupu

Hitilafu hii ina sura ya uchawi. Demoni iko hai, haina kosa, foleni ina safu mpya 40 ambazo wewe unaziona ukiingia MySQL kwa mkono, lakini demoni inasema hakuna kazi. Ukiianzisha upya, inazituma zote kwa mkupuo, kisha inarudi upofu.

Maktaba za Python za hifadhidata, kwa kawaida, hufungua muamala (transaction) kwa SELECT ya kwanza na kuuacha wazi mpaka useme commit, yaani uukamilishe. InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, nayo, kwa kiwango chake cha kawaida cha REPEATABLE READ, huupa muamala picha ya data kama ilivyokuwa ilipopigwa SELECT hiyo ya kwanza, na picha hiyo haibadiliki. Skripti ya dakika moja haiwezi kuliona tatizo. Demoni yenye obijekti moja ya muunganisho kwa wiki tatu inaendelea kutazama picha ya wiki tatu zilizopita. Dawa ni self.db.commit() mwishoni mwa kila zamu, hata ile ambayo haikuandika kitu.

Kinyume chake ni muunganisho usioguswa. Kama foleni yako iko kwenye Redis (hifadhi nyingine ya data) na MySQL inaguswa kazi ikija tu, kumbuka MySQL hufunga muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28800, yaani saa nane. Kazi ya mwisho ikiwa saa nne usiku, ile ya kwanza saa moja asubuhi itakuta mlango umefungwa. Kabla ya kuutumia muunganisho baada ya kimya kirefu, uupime, na ukiwa umekufa uufungue upya.

Mpangilio wa kuandika una uzito wake pia. Badilisha hali ya safu iwe "inatumwa", fanya commit, tuma SMS, kisha andika "imetumwa". Demoni ikiuawa katikati, safu iliyobaki "inatumwa" ni swali la wazi: huenda imefika, huenda haijafika. Usiitume tena kiholela. Iulize kwanza kampuni ya SMS kwa kitambulisho cha ujumbe. Kwa SMS mzazi atapata mbili na kuudhika. Kwa malipo, mtu atalipwa mara mbili. Na kama unaendesha demoni mbili kwenye foleni moja, tumia SELECT ... FOR UPDATE SKIP LOCKED, iliyopo tangu MySQL 8.0, ili zisinyang'anyane safu.

Memori haihitaji maneno mengi: orodha yoyote iliyo kwenye self na inayoongezwa bila kupunguzwa, mathalani self.historia.append, itakua mpaka seva ielemewe. Tazama ps -o rss= -p na namba ya mchakato leo na wiki ijayo; jibu ni kwa KB. MemoryMax ni breki ya mwisho, haiponyi ugonjwa.

Iko hai lakini imekwama

Maktaba ya requests haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea. Kampuni ya SMS ikipokea ombi na kunyamaza, requests.post itasubiri bila mwisho. Kwa systemd mchakato uko hai, hali ni "active", na hakuna SMS inayotoka. Weka timeout=(5, 30): sekunde 5 za kuunganisha, 30 za kusubiri jibu.

Kwa yale usiyoyawazia, badilisha Type iwe notify, ongeza WatchdogSec=120, na demoni itoe taarifa:

```python
import os, socket

def arifu(neno):
    anwani = os.environ.get("NOTIFY_SOCKET")
    if not anwani:
        return
    if anwani.startswith("@"):
        anwani = "\0" + anwani[1:]
    with socket.socket(socket.AF_UNIX, socket.SOCK_DGRAM) as s:
        s.sendto(neno.encode(), anwani)
```

Ita arifu("READY=1") mara baada ya hifadhidata kufunguka, na arifu("WATCHDOG=1") mwanzoni mwa kila zamu na baada ya kila ujumbe uliotumwa. Sekunde 120 zikipita kimya, systemd anaiua na kuianzisha upya. Usiweke WATCHDOG kwenye uzi wa pembeni unaojizungusha wenyewe, maana uzi huo utaendelea kuripoti uzima wakati ule mkuu umeganda.

Kabla ya kuikabidhi, ijaribu mara nne. systemctl stop mtumaji inapaswa kukamilika ndani ya sekunde chache. systemctl kill -s KILL mtumaji inapaswa kufuatiwa na mchakato mpya wenye PID nyingine baada ya sekunde 5. Zima MySQL kwa nusu dakika na kuiwasha: foleni inapaswa kuendelea bila wewe kugusa kitu. Mwisho washa upya seva nzima, usiingie kwa SSH kwa dakika tano, na uangalie simu ya majaribio kama SMS imefika.